Kiti Chetu Kilichoko Mlimani

Imekuwa ada siku hizi kwamba jambo likiwa zito hupelekwa likazungumzwe mlimani. Januari 2023 Baraza la Mawaziri la Kenya lilikwenda kukutana Nanyuki, katika Mount Kenya Safari Club. Walimu na waandishi nao wameshika njia hiyo hiyo. Nami nimealikwa katika mkutano wa lugha na fasihi ya Kiswahili utakaokuwa huko Nanyuki mwezi wa Julai, siku tatu.

Wenzangu wawili walioalikwa pamoja nami wamekwisha kujibu kuwa hawaendi. Mmoja asema baridi itamwua. Wa pili asema mkutano wa Kiswahili mahali pake ni pwani. Nawaheshimu wote wawili, lakini siwafuati.

Hoja ya pili ndiyo nzito, basi nianze nayo. Mwaka 1928 palifanywa mkutano wa kuamua Kiswahili sanifu cha Afrika ya Mashariki kijengwe juu ya lahaja gani. Ulifanywa Mombasa hapa hapa, nyumbani kwa Kimvita, na lahaja iliyochaguliwa ikawa Kiunguja. Sina ugomvi na ndugu zetu wa Unguja. Nasema tu kwamba mkutano kuwa mlangoni petu haukutufaa kitu, maana wenye kauli walikuwa maofisa wa serikali za kikoloni na wamishonari. Kinachoamua ni kiti, si mahali. Leo tumewekewa kiti mlimani. Tukikiacha kitupu, kesho tusilalamike kuwa maneno ya bahari na ya ushairi wetu yamesahauliwa.

Na baridi je? Baridi ipo, haina mzaha. Nyeri iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Nanyuki juu ya 1,900. Ingawa mstari wa ikweta wapita Nanyuki, mwezi wa Julai mawingu huweza kukaa kutwa, na usiku kipimo hushuka hata chini ya nyuzi 10. Kipupwe chetu cha Mombasa ni mchezo mbele ya hiyo. Lakini tuliokaa chuoni tuliihifadhi Sura ya Kureishi tungali wadogo, nayo yataja safari zao mbili, ya majira ya baridi na ya majira ya joto. Manahodha wetu nao waliijua miongo: kaskazi ya kujia, kusi ya kurejea. Hawakuulaumu upepo, walipanga safari.

Basi nasi tupange. Gari la moshi kutoka Miritini hadi Syokimau huchukua muda wa saa tano au sita. Kutoka Nairobi hadi Nanyuki, kwa njia ya Thika, Sagana na Karatina, ni kilomita zipatazo 200. Ongeza kungoja na msongamano, siku imekwisha. Msafiri mwenye busara atalala njiani, Nyeri, ambako kuna Majengo na msikiti, kama ilivyo Nanyuki. Achukue fulana nzito. Avae khufu za ngozi, kwani sharia yamruhusu msafiri kupaka maji juu yake siku tatu na masiku yake, badala ya kuosha miguu kwa maji ya barafu alfajiri. Kibla kitakuwa upande wa kaskazini, kama nyumbani.

Waandalizi nao wana lao la kusikia. Hoteli hizi zilijengwa kwa hesabu ya watu wengine. Treetops, iliyofunguliwa 1932, ndiko alikokuwa Elizabeth wa Uingereza usiku wa Februari 1952 baba yake alipofariki. Safari Club ilianzishwa 1959 na William Holden, mchezaji sinema wa Marekani. Wageni wa namna hiyo walikuja kutazama wanyama na kuota moto. Mshairi wa Siyu, ambaye sharti kwanza apande mashua ndipo afikie barabara, hakuwamo katika hesabu.

Leo na awemo. Mkutano uwekwe Januari, mbingu zikiwa kweupe, na kalenda ya Hijria itazamwe usije ukagongana na Ramadhani. Kikao cha kwanza kisianze asubuhi ambayo mtu wa Lamu angali njiani, na malazi ya njiani yalipwe. Nyama iwe imechinjwa kihalali, na chumba cha kusalia kijulikane kabla ya wageni kufika. Kumwalika mtu bila ya hayo ni kumfungulia mlango na kuiondoa ngazi.

Lakini tusingoje ngazi ikamilike ndipo tupande. Wenzangu wa pwani, madai haya yana nguvu yakisemwa na aliye ukumbini; yakisemwa barazani Mombasa, juu ya kahawa, hayavuki hata kivuko cha Likoni. Asiyekuwapo na lake halipo.