Huruma Inayonunua



Ipo hoja inayokaririwa katika nyumba nyingi za Kikristo, kuanzia Kavumu hadi Bukavu mjini: «Kasuku huyu hatukumtega sisi. Tulimkuta anauzwa, tukamhurumia, tukamnunua.» Husemwa kwa dhamiri tulivu. Sisi twasema ni hoja potofu, tena ndiyo inayolisha biashara nzima.

Tumtazame ndege mwenyewe. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu hutaga katika tundu la mti mkubwa, mayai 3 hadi 5, naye hukawia miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa. Hupenda kukaa na wenzake, na mtegaji anajua hilo: hupaka ulimbo matawini, kisha humweka kasuku mfungwa karibu ili awaite wengine. Wengi wa walionaswa hufa kabla ya kufika sokoni. Huyo mmoja anayetuchekesha barazani ameacha nyuma maiti tusizoziona.

Tangu mwaka 1975 kasuku zaidi ya milioni moja wametolewa katika misitu ya Afrika na kuuzwa ng'ambo. Nchini Ghana, watafiti walieleza mwaka 2016 kwamba idadi yao ilikuwa imepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992. Mwaka huohuo wa 2016, mataifa yaliyokutana Johannesburg yaliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliotolewa porini. Lakini azimio la Johannesburg haliwezi kutuzuia mkono tunapotoa fedha mfukoni.

Mwingine atauliza: mtegaji maskini ale nini? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, mtegaji hupata sehemu ndogo ya bei. Faida huwaendea wachuuzi na wasafirishaji. Siku msitu utakapobaki kimya, ni yeye atakayebaki mikono mitupu, wala si wao.

Mchuuzi haulizi kama tumenunua kwa anasa au kwa huruma. Huhesabu fedha, kisha huagiza kasuku mwingine. Tunayedhani tumemkomboa tumemlipia mrithi wake.

Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha katika Laudato Si', mwaka 2015, kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, hata kisipotufaa kwa lolote. Basi tusinunue kasuku, hata kwa huruma. Tusimpokee kama zawadi, wala tusimpelekee padre wala mkubwa yeyote kuwa shukrani. Aliye naye nyumbani asimwachie ovyo, kwa maana ndege aliyekatwa mabawa hawezi kuruka. Awaarifu wahusika wa ICCN, au kituo cha Lwiro, jirani yetu, kinachotunza sokwe na kasuku pia.

Darasani twawakemea watoto wasikariri kama kasuku. Nasi tuache kukariri udhuru tusioupima.