Gari limezima wiki ya tatu: Nani amlipe fundi, wewe au bazaa?

Umeweka akiba miaka minne. Sacco ikakuongezea mkopo, mzazi akachangia kidogo, na mwishowe ukapigwa picha ukiegemea ndai yako nje ya bazaa, funguo mkononi. Marafiki wakakupongeza kwenye WhatsApp hadi simu ikaisha chaji. Wiki ya tatu, ukipanda kuelekea Limuru, gia zinaanza kuteleza. Injini inanguruma lakini gari halisongi. Fundi analipima kwa mashine kisha anatikisa kichwa: giaboksi imekwisha, tafuta Sh120,000.

Unampigia simu aliyekuuzia. Yule aliyekuita "bosi" na kukununulia soda siku ya malipo amebadilika sauti. "Gari la mtumba ni hivyo. Ulisaini kwamba umelikubali jinsi lilivyo." Simu inakatwa.

Keti kwenye gereji yoyote ya Industrial Area asubuhi moja tu nawe utasikia kisa kama hiki. Wengi huishia kulipa kimyakimya, wengine hupeleka hasira zao mtandaoni. Makundi yote mawili yanakosea, kwa sababu sheria ya Kenya haiko upande wa muuzaji kama anavyotaka uamini.

Mbona kelele zimezidi? Kenya haikubali gari lililotumika ng'ambo liingie ikiwa limepitisha miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza. Kwa hivyo gari la kutoka Japan lenye umri mdogo ni ghali, na shilingi ilipodorora hadi karibu Sh160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, bei zilipaa. Shilingi ilipata nguvu baadaye, lakini kijana anayeanza kazi bado hujipata akitafuta gari ambalo tayari limezungushwa hapa nchini na wenyewe wawili au watatu. Gari hilo lina historia, na historia hiyo anaijua muuzaji kuliko wewe. Ugomvi wote wa gharama za ukarabati unatoka hapo.

Turudi kwa ile karatasi uliyosaini. Mikataba mingi ya bazaa ina mstari unaosema gari limeuzwa "jinsi lilivyo, mahali lilipo". Muuzaji hukutolea mstari huo kama ngao. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya 2012 inasema mfanyabiashara anapomuuzia mtumiaji bidhaa, anahesabiwa kuwa ametoa hakikisho kwamba bidhaa hiyo ina ubora wa kuridhisha. Inaongeza kwamba kipengele chochote cha mkataba kinachojaribu kufuta hakikisho hilo ni batili. Katiba nayo, kwenye Kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kufidiwa ukipata hasara kutokana na kasoro. Kwa lugha ya mtaani: kusaini si kujinyonga.

Hata hivyo usikimbie kusherehekea. "Ubora wa kuridhisha" kwa gari la miaka kumi si sawa na ubora wa gari jipya. Breki pedi zikiisha, betri ikifa, tairi zikilika au shoku zikianza kulia, hizo ni zako. Kila mtu anajua vitu hivyo huchakaa, na bei uliyolipa ilizingatia hayo. Pia, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inasema ikiwa ulilikagua gari kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kama ulikwenda na fundi, akaona oili ikivuja, nawe ukaamua "tutaona mbele", basi hapo ndipo mbele.

Kesi yako ina nguvu pale kasoro ilipokuwepo siku ya kununua, ikawa imejificha, tena ikawa ya kulifanya gari lishindwe kazi yake. Giaboksi inayokufa baada ya kilomita mia chache ni mfano mzuri. Ina nguvu zaidi ikiwa muuzaji alikuambia jambo lisilo kweli: kwamba gari halijawahi kugongwa, au odometa inasoma kilomita 70,000 ilhali cheti cha kusafirishwa kutoka Japan kilionyesha zaidi ya hizo. Huo ni udanganyifu, na sheria hiyo ya 2012 inakuruhusu kuvunja mkataba na kudai fidia.

Kuna mtego mwingine. Bazaa nyingi huuza magari ambayo si yao. Mwenye gari analiacha pale, bazaa inatafuta mteja na kuchukua kamisheni. Mambo yakiharibika unaambiwa, "Sisi ni madalali tu, mtafute mwenyewe." Na huyo mwenyewe ni mtu binafsi, si mfanyabiashara, kwa hivyo kumbana kwa sheria ya watumiaji ni vigumu zaidi. Ndiyo maana jina la muuzaji kwenye mkataba, jina kwenye logbuku na jina la akaunti uliyotumia pesa vinapaswa kusomwa pamoja kabla hujatoa hata shilingi. Yakiwa majina matatu tofauti, uliza kwanza.

Sasa tuje kwa kosa linalowaangusha wengi. Gari likizima, unataka lirudi barabarani kesho. Unampa fundi pesa, anang'oa giaboksi ya zamani, anaiuza kwa wanaonunua vyuma, anafunga nyingine kutoka Kirinyaga Road. Baada ya hapo ndipo unamdai muuzaji. Atauliza swali moja tu: "Nitajuaje ilikuwa imeharibika?" Huna jibu. Ushahidi wako ulishapimwa kwa kilo.

Kwa hivyo, kabla ya kutengeneza, andika. Mtumie muuzaji ujumbe mfupi wenye tarehe ya kununua, tatizo lenyewe, kilomita zinazosomeka leo, na siku utakazompa, labda saba, aje alione gari au amtume fundi wake. Barua pepe ni sawa, WhatsApp pia ni sawa, lakini usitegemee simu ya mdomo. Tafuta fundi wa pili asiyejuana na wa kwanza, au peleka gari likaguliwe na AA Kenya, upate ripoti iliyoandikwa. Pata kwotesheni mbili za kazi hiyohiyo. Siku zikipita bila jibu, tengeneza, lakini spea iliyotolewa usiiache gereji. Ni yako, idai, iweke hata chini ya kitanda.

Mara nyingi ujumbe huo peke yake hubadilisha mazungumzo. Yule aliyekata simu anarudi na pendekezo: "Tugawane nusu kwa nusu, lakini gari litengenezwe kwa fundi wetu." Usikatae kwa kiburi. Kama gari ni kuukuu na uliuziwa kwa bei nafuu, nusu inaweza kuwa haki, hasa ukizingatia kwamba giaboksi utakayofungiwa ni bora kuliko ile uliyotarajia. Lakini masharti yawe kwenye maandishi: ni spea gani itafungwa, nani anailipia, na kazi hiyo ina waranti ya miezi mingapi. Fundi akiwa wao na waranti ikiwa ya mdomo, mwezi ujao utarudi palepale ukiwa umeshatoa nusu yako.

Akikataa kabisa? Hapa ndipo vijana wengi hukata tamaa, kwa kuwa neno "korti" linawakumbusha mawakili na kesi za miaka sita. Lakini tangu 2021 kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzia Milimani jijini Nairobi na kusambaa hadi miji mingine. Inasikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya mikataba ya kuuza bidhaa. Unaweza kujisimamia bila wakili. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na mahakama hiyo haifungwi kabisa na kanuni kali za ushahidi zinazotumika kwingine, kwa hivyo jumbe zako na risiti za M-Pesa zina nafasi ya kusikizwa.

Fanya hesabu hapo. Gari lako huenda liligharimu Sh1.1 milioni, na ukidai urudishiwe pesa zote umepita kiwango cha mahakama hiyo. Lakini hudai gari. Unadai Sh120,000 za giaboksi, ada ya ukaguzi na pesa za kuvutwa kutoka Limuru. Dai dogo lenye karatasi hubeba uzito kuliko dai kubwa lenye machozi.

Tusidanganyane, kushinda si kulipwa. Hukumu ni karatasi mpaka itekelezwe, na bazaa zingine huhama kama mahema ya sarakasi: leo Ngong Road, mwezi ujao Kiambu Road, bango jipya, sura zilezile. Ukishtaki jina lililo kwenye bango badala ya kampuni au mtu aliyesajiliwa, utakuwa umeshtaki rangi. Tafuta rekodi za usajili wa biashara kupitia eCitizen ujue wamiliki ni nani. Na kama muuzaji hana ofisi, hana risiti, na pesa ulituma kwa namba ya mtu binafsi, ile nusu kwa nusu inaanza kunukia vizuri.

Kuna jambo jingine ambalo halitatatuliwa na korti. Nchini kwetu muuzaji halazimiki kukupa rekodi ya matengenezo ya gari, na wanunuzi wachache huiuliza. Tunauliza "inakula mafuta kiasi gani?" na "mwisho ngapi?", tunasahau "nani alikuwa akilihudumia, na naweza kumpigia?" Muuzaji mwaminifu atakupa namba ya fundi. Mwingine atakuambia kuna mteja anakuja na pesa taslimu saa nane.

Mwache huyo mteja alichukue. Na kama wewe ndiye uliyelichukua, na leo gari limelala gereji, usimlipe fundi bado. Shika simu, andika tarehe, andika tatizo, tuma.