Nyumba ya Juu, Kwenye Theluji



Nyuma ya ibada, kijana mumoja alinishika mukono: "Pasta, ni kweli kule Uswisi ulilala juu ya barafu?" Hapana, kijana wangu. Nililala ndani ya nyumba, chini ya blanketi, na watu wengine kumi na mumoja katika chumba kile kile. Muzee mumoja kati yao alikoroma usiku muzima kama lori lenye kupanda kilima na muzigo wa mawe. Lakini sasa munauliza wengi, basi mwezi huu tuzungumze juu ya nyumba zile.

Mwaka wa 1863 watu wa Uswisi wenye kupenda milima walianzisha chama chao, Club Alpin Suisse. Mwaka ule ule wakajenga kibanda chao cha kwanza, chini ya mulima Tödi. Leo chama kile kiko na vibanda karibu 150. Kwa vingi barabara haifiki. Chakula na gazi vinaletwa na helikopta, na mutu anafika kwa miguu yake. Wakati wa joto anatembea. Wakati wa baridi na mwanzo wa masika anavaa ski, ndizo mbao mbili ndefu zenye kufungwa kwenye viatu. Ninyi mutauliza: mbao zenye kuteleza zinapanda namna gani? Chini ya mbao wanabandika ngozi. Zamani ilikuwa ngozi ya munyama wa bahari. Leo ni kitambaa chenye manyoya. Manyoya yanalala kuelekea nyuma, hivi mbao inakwenda mbele lakini kurudi nyuma inakataa. Wakifika juu wanaibandua, na kushuka wanashuka kama ndege. Nilicheka nilipoona mambo yale, lakini ni akili kubwa.

Mimi ski sikuthubutu. Wenyeji wangu walinivalisha raketi, kitu kipana chini ya kiatu kinachozuia mutu asizame. Wao walisema ni mwendo wa masaa mawili na nusu. Mimi nilitumia manne, na mama mumoja wa miaka zaidi ya sitini alinipita mara mbili, maana alirudi kuniangalia kama niko mzima!

Ukifika, viatu unaacha mulangoni. Kuko masandali ya nyumba kwa kila mutu. Matandiko yako ya kujifunika unabeba mwenyewe. Unakula chakula kilichopikwa, hakuna kuchagua, na unakaa meza moja na watu usiowajua. Saa ine ya usiku, kimya. Takataka zako unashuka nazo. Tena kuko kitabu kikubwa: unaandika jina lako, umetoka wapi, na kesho unakwenda wapi. Siyo kwa kujionyesha. Ukipotea, kitabu kile kitaonyesha watu waanzie wapi kukutafuta. Ninyi watu wa mine munaelewa upesi, kwa sababu hata kwenu anayeshuka chini anahesabiwa, na jioni namba yake isiporudi watu hawalali.

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Mulinzi wa nyumba akishuka bondeni kwa miezi ya baridi, katika vibanda vingi chumba kimoja kinabaki bila kufungwa. Ndani kuko jiko, kuni na blanketi. Mupita njia anaingia, anawasha moto, anapasua kuni nyingine kwa atakayemufuata, na analipa mwenyewe bila mutu kumuangalia. Niliuliza: "Hakuna wenye kuiba?" Mulinzi akajibu: "Wako wachache." Jibu lile lilinipendeza kuliko kama angesema hakuna hata mumoja.

Kuko kibanda kingine, Konkordia, juu ya Aletsch, muto wa barafu ulio mrefu kuliko yote ya milima ile. Kilijengwa mara ya kwanza mwaka wa 1877, na barafu haikuwa mbali chini yake. Tangu wakati ule barafu imeyeyuka na kushuka sana, hata leo mutu anapanda ngazi za chuma, vidaraja zaidi ya 400, kufikia mulango. Kila nyuma ya miaka kadhaa wanaongeza ngazi chini. Na musifikiri ni mambo ya Ulaya tu. Ruwenzori yetu iko na theluji pia, na kilele chake Margherita, metre 5.109, kinapita Mont Blanc. Upande wa Congo kuko vibanda vya wapandaji, Kalonge, Mahangu na Kiondo, lakini vita imezuia wageni kwa miaka mingi. Barafu yake nayo inapungua.

Sasa nieleze asubuhi ile. Kila siku ya baridi, wataalamu wa mji wa Davos wanatangaza hatari ya maporomoko ya theluji, kwa namba, 1 mpaka 5. Siku ile ilikuwa 3. Utasema: tatu siyo tano, twende! Na kumbe ni kwa namba 3 watu wengi wanakufa, kwa sababu kwa namba 5 kila mutu anabaki nyumbani. Kila mumoja wetu alikuwa na kifaa kidogo cha redio kifuani, pamoja na sepeo na fimbo ndefu ya kuchoma theluji, kwa kutafuta mwenzake akifunikwa. Nyuma ya dakika 10 au 15 chini ya theluji, tumaini linapungua mbio.

Vijana wawili walitaka kupanda. Walilipa safari, jua lilikuwa linawaka, na kesho walipaswa kurudi kazini. Kiongozi wetu, mwanamuke wa miaka kama thelathini, alitoka inje, akachimba theluji kwa sepeo, akaangalia tabaka zake kama vile mwenye kuangalia ukuta wa shimo. Akarudi, akasema: "Leo hapana." Mumoja akakasirika, akasema maneno ambayo sitayaandika hapa. Yeye hakubishana. Alikaa, akaomba chai nyingine.

Wazazi, mwaka ule, kabla ya safari, nilikuwa nimezika vijana watatu wa parokia moja. Waliingia shimoni nyuma ya mvua kubwa. Mumoja wao alikuwa ameona udongo unadondoka. Mwenzake aliyepona ndiye alituambia. Lakini muzigo ulikuwa umeahidiwa kwa munuzi, na katika kundi lile hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kusema hapana. Nilimuangalia mwanamuke yule na chai yake, na machozi yakanitoka. Wenyeji wangu walifikiri ni moshi wa jiko.

Saa tano tulishuka kwa njia ile ile tuliyopandia, yule kijana akiwa nyuma yetu, bado amenuna. Mbele ya kutoka niliandika katika kitabu: jina langu, Lubumbashi, na penye kuuliza mutu anaelekea wapi, niliandika: nyumbani.