Jumba Lililoponea Mizinga

Msomaji wa Bangale, huko Tana River, huenda akauliza: jumba lililoporomoka Unguja lanihusu nini? Lamhusu, na leo tutaeleza kwa nini.

Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash bin Said. Halikuwa jumba la kulala, bali la sherehe na la kupokelea wageni wa heshima. Watu waliliita la ajabu kwa sababu ya taa zake za umeme, zilizokuwa za mwanzo Unguja, na lifti yake. Milango yake mikubwa ilichongwa aya za Kurani.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga majumba ya kifalme, kwa muda usiotimia saa moja, ili kumwondoa Sayyid Khalid bin Barghash kitini. Beit al-Hukm, lililokuwa jirani, liliangamia. Beit al-Ajaib likabaki limesimama. Baadaye likawa ofisi za serikali ya kikoloni; baada ya Mapinduzi ya 1964 likatumiwa na chama cha Afro-Shirazi; na miaka ya 2000 likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Waswahili. Ndani yake kiliwekwa chombo cha mtepe, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kushonwa kamba bila misumari, kikaitwa Shungwaya. Jina hilo Wapokomo na Wamijikenda walijua vyema, maana wazee wao husimulia kuwa ndiko walikotoka.

Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka, na jumba likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini kwa msaada wa Oman, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walikufa.

Ni dhahiri kwamba kilichoshinda mizinga hakikushinda uchakavu. Kuta za mawe na chokaa, na nguzo za chuma zilizo kando ya bahari, hutaka kutazamwa kila mwaka. Mwenye nyumba akiona paa lavuja, hupanda mwenyewe kabla ya masika. Jumba la umma lina wenyewe wengi, na kila mmoja humngoja mwenziwe apande. Fedha kubwa huja wakati ufa umekwisha kuwa pengo.

Dawa yake Waislamu wa pwani twaijua zamani. Katika sheria ya wakfu, pato la kwanza hutengeneza mali yenyewe, ndipo wanufaika wagawiwe. Msimamizi anayegawa huku ukuta wabomoka amevunja amana. Laiti majumba yetu ya makumbusho yangewekewa sharti kama hilo, kwamba kiingilio cha mgeni kianze kwa chokaa na paa.

Basi turudi Tana. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, ilichukuliwa na wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20, ikapelekwa Makumbusho ya Uingereza, London. Wenyewe wanaidai. Wako watakaotaja mkasa wa Unguja ili kusema hatuwezi kutunza. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani haki ya mwenye mali haipotei kwa sababu paa lake lavuja. Lakini siku ngadji itakaporudi, itahitaji nyumba, na nyumba hiyo itahitaji mtu mmoja ajulikanaye kwa jina, ambaye kazi yake ni kupanda juu kutazama paa kabla ya mvua.