Namba bila saa ni nusu ya jibu

Mtu wa Mogogosiek hahitaji kufundishwa kwamba majani ya chai hayasubiri. Yakichumwa asubuhi na kuachwa yamebanwa kwenye gunia, yanashika joto na kugeuka mekundu kabla ya kufika kiwandani. Maji ya mwili yanayopelekwa maabara kuhesabiwa seli nayo hayasubiri, na sisi waandishi wa programu tunalisahau jambo hili.

Chukua maji ya uti wa mgongo. Daktari akishuku homa ya uti wa mgongo huyatoa kwa sindano, na mtaalamu wa maabara huhesabu seli nyeupe kwa hadubini. Mtu mzima mwenye afya huwa na seli 0 hadi 5 kwa kila mikrolita. Zikipanda kufika mamia, na nyingi zikiwa neutrofili, bakteria hushukiwa mara moja. Tatizo ni kwamba neutrofili hupasuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 ulionyesha kuwa katika joto la chumba zilibaki 68% baada ya saa moja, na 50% baada ya saa mbili. Basi mgonjwa ambaye ugonjwa ndio kwanza unaanza anaweza kuambiwa hana neno, kumbe bodaboda iliyobeba sampuli ilikwama kwenye matope.

Naungama. Niliwahi kuiandikia maabara moja ndogo programu ya kutunza majibu. Niliweka jina, umri, aina ya maji, idadi ya seli, hata grafu za rangi. Siku moja mtaalamu wao akaniuliza, "Fundi, haya maji yalitoka kwa mgonjwa saa ngapi?" Sikuwa nimeweka mahali pa kuandika saa hiyo. Kosa lilikuwa langu.

Wapo watakaosema tununue mashine. Lakini mashine nyingi za damu zimetengenezwa kuhesabu maelfu: damu ya kawaida ina seli nyeupe kama 4,000 hadi 11,000 kwa mikrolita. Kuitaka itofautishe 3 na 12 ni kupima kijiko cha sukari kwa mizani ya magunia. Kioo cha kuhesabia cha Neubauer bado kinafaa: miraba yake mikubwa 9 hubeba mikrolita 0.9. Kama sampuli haikuchanganywa na kitu, hesabu seli zote, gawanya kwa 0.9, umemaliza.

Maoni yangu ni haya. Kila programu ya maabara iwe na visanduku viwili vya lazima: saa ya kutoa sampuli na saa ya kuhesabu. Ikipita saa moja kati yake, onyo lichapishwe kando ya jibu. Ni mistari michache tu ya kodi. Haitarudisha seli zilizopasuka, lakini daktari atajua kwamba "3" ile si ruhusa ya kusimamisha dawa. Na pesa zikipatikana, kwanza hadubini karibu na mgonjwa, grafu baadaye.

Wewe unayeandika programu za hospitali, fungua fomu yako leo uangalie. Halafu uniambie umekuta nini.