Damu Si Mzigo wa Nyanya

Kijana msomaji wetu, kila ifikapo Juni 14, Siku ya Wachangia Damu Duniani, magari ya vipaza sauti hupita mitaani kukuomba mkono wako. Nawe hukatai. Unapimwa uzito, usipungue kilo 50, unalala kitandani, zinatoka mililita 450 hivi, unapewa soda na biskuti, unarudi kijiweni ukitamba. Una haki ya kutamba. Wachangiaji wengi wa damu katika nchi hii ni vijana na wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, benki za damu hulia njaa.

Leo tunakuuliza swali ambalo wageni rasmi hawaligusi kwenye hotuba zao. Damu yako ilipotoka pale ilisafirije? Na huko njiani nani aliipima joto?

Usicheke. Damu si mzigo wa nyanya, kwamba ukiutupia juu ya basi utafika na iliyooza itachambuliwa sokoni. Damu nzima hutunzwa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi. Ikiwa safarini isizidi nyuzi 10. Ikitunzwa hivyo hukaa siku 35. Ikitolewa kwenye baridi yake na kukaa nje zaidi ya nusu saa, hairudishwi tena jokofuni ikasubiri mgonjwa mwingine.

Sababu haina siri. Wakati wa kutoa damu, bakteria wachache wa kwenye ngozi wanaweza kuponyoka na kuingia kwenye mfuko. Kwenye baridi wengi wao hulala. Kwenye joto huzaana kama nzige. Mgonjwa akitundikiwa mfuko wa namna hiyo hushikwa na homa kali, anatetemeka, shinikizo la damu linaporomoka, na anaweza kufa. Na ukizidisha baridi umeharibu vilevile. Mfuko uliogusana na barafu huganda, chembe nyekundu zinapasuka, na yule uliyetaka kumwokoa unamuumiza figo. Ubaya zaidi, mara nyingi macho hayaoni kitu. Mfuko mbovu na mfuko mzima hufanana kama mapacha. Shahidi pekee ni kipimajoto.

Sasa tazama mkoa wa Singida. Sensa ya 2022 ilihesabu watu takribani milioni 2. Kutoka Singida mjini hadi Manyoni ni zaidi ya kilomita 100, na Itigi iko mbele yake. Kiomboi iko upande wake, Mkalama upande wake. Kutoka Dodoma hadi Singida mjini ni kilomita 240 hivi. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulipoanzishwa mwaka 2004 ulijengewa vituo vya kanda Dar es Salaam, Moshi, Mwanza, Tabora, Mbeya na Mtwara. Singida haimo. Damu ikitoka kwenye kituo cha kanda kuja huku inakula barabara ndefu, juani, kisha ianze safari nyingine kwenda wilayani. Mjini kwenyewe umeme ukikatika, kama tulivyoonja kwenye mgawo wa 2023, jokofu nalo linageuka kabati.

Na anayeisubiri huko mwisho wa barabara ni nani? Mara nyingi ni mama aliyetoka kujifungua na damu haikatiki. Kutokwa na damu nyingi ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za vifo vya wazazi nchini. Mama huyo ni dada yako. Ni mkeo. Hana nafasi ya kuuliza mfuko huu ulipigwa jua saa ngapi.

Hapo ndipo uchungu wetu ulipo. Barabara hiyohiyo inayopita Singida hupitisha minofu ya sangara kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Jumuiya ya Ulaya ilipofungia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu za afya, wakubwa hawakulala. Maabara zikaimarishwa, wakaguzi wakasimamiwa, baridi ya samaki ikawa jambo la taifa. Ajabu gani hii! Minofu ya Mzungu inapimwa joto ili asiumwe tumbo. Tunauliza: damu ya mama wa Ikungi nayo inapimwa hivyo?

Mtatuambia mipango ipo. Mipango tumeisikia. Agosti 2017 ilitangazwa kwamba ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline zingeanza mwaka 2018, kwa kuanzia Dodoma, jirani kabisa na Singida. Tuliambiwa ndege 120 na vituo vya tiba zaidi ya 1,000. Mwaka 2018 ukapita, anga likabaki la kunguru. Rwanda walikuwa wameanza tangu Oktoba 2016.

Sisi hatuombi ndege. Tunaomba vitu vya bei ya chini kuliko tairi moja la shangingi. Kila deli la damu liwe na kifaa kinachorekodi joto toka linapofungwa hadi linapofunguliwa. Barafu itengwe na mifuko kwa kadibodi au ubao, visigusane. Anayetoa aandike nyuzi na saa, asaini. Anayepokea afanye hivyohivyo. Kama kifaa hakuna, mpokeaji akunje mifuko miwili pamoja, akibane kipimajoto katikati, asubiri kidogo, asome. Kazi hiyo haihitaji mfadhili.

Tusieleweke vibaya. Hatumnyooshei kidole muuguzi wa zamu wala dereva wa gari la wagonjwa. Hao ndio wanaohangaika usiku na deli mapajani. Mtu hawezi kuandika joto kama hakupewa cha kupimia. Vidole vyetu vinaelekea juu, kwa wanaopanga bajeti na kukata utepe.

Kwa hiyo tunamtaka Mganga Mkuu wa Mkoa na halmashauri zote za Singida watutolee hadharani mambo matatu. Mosi, ni safari ngapi za damu zina kumbukumbu ya joto kutoka mwanzo hadi mwisho. Pili, ni mifuko mingapi imetupwa kwa kuharibika njiani au jokofuni. Tatu, ni hospitali na vituo vipi vina jokofu la damu lenye umeme wa akiba. Kama majibu ni mazuri, tutayaandika kwa herufi kubwa na kuwapongeza.

Nawe kijana wa Majengo, wa Unyankindi, wa Manzese, usigome kuchangia. Ukigoma, atakayekufa siye kigogo. Mwanaume anaruhusiwa kutoa kila baada ya miezi 3, basi nenda. Ila ukishabandikwa pamba, usiondoke kimya. Uliza deli liko wapi na kipimajoto kiko wapi. Diwani wako akija kuomba kura, mwulize hilohilo mbele ya watu. Ile damu ulitoa bure, lakini hukuitoa ikaoze barabarani.