Kiti cha Mbele ni cha Mama, si cha Picha



Tunaandika kutoka Munanila, juu milimani mkoani Kigoma, karibu na mpaka wa Burundi. Sisi ni wanawake wa cherehani na vitenge. Bahari hatuna, na ndege wengi wetu tunaziona zikipita juu tu. Mtauliza sisi tuna habari gani na daraja la kwanza la ndege. Tunayo habari, na tumeilipia.

Tangazo lenyewe mnalijua. Dada kajiegemeza kwenye kiti kipana, ushungi umetulia, glasi ya juisi mkononi, na chini yake maneno: na wewe unaweza, daraja la kwanza kwa nusu bei, njoo inboksi. Linapita kwenye makundi ya Umra, ya vikoba, ya arusi. Kila likipita tunaliwekea mashaallah na kulisukuma mbele. Leo tunasema bila kuuma maneno: tangazo lile ni mtego, na wanaolisambaza ni sisi wenyewe wanawake.

Sikilizeni yaliyotupata.

Katika kikundi chetu tuko kumi na wawili. Mama wa mmoja wetu ana miaka 68, mjane, magoti yamekwisha kwa kupanda na kushuka milima hii na mizigo ya maharage. Tulinuia kumpeleka Umra. Tulichanga mwaka mzima, fedha ikatosha tiketi ya daraja la kawaida na malazi. Ndipo mmoja wetu akaleta tangazo. Muuzaji alituambia daraja la kwanza, Dar hadi Jeddah na kurudi, milioni 2 na laki 4. Tulipouliza bei kwa wakala mwenye ofisi, ilikuwa zaidi ya mara mbili. Tukaona Mungu ametufungulia. Fedha ilipopungua, tukachota kwenye kikoba, fedha ya mgao wa Desemba, ile ambayo wengine walishaiwekea nia ya ada za watoto.

Safari ilionekana kwenye simu. Jina la mama lipo, ndege ipo, kiti cha mbele kipo. Tukaituma kila mahali. Mama akapanda gari hadi Kigoma mjini, akapanda basi hadi Dar, mchana na usiku juu ya magoti yale. Uwanjani binti wa kaunta akatazama kompyuta muda mrefu, akasema kwa upole: "Mama, tiketi hii imefutwa."

Baadaye tulieleweshwa. Tiketi ile haikununuliwa kwa fedha yetu. Ilitolewa kwa maili za mtu ambaye mama hamjui wala yeye hamjui mama. Mashirika ya ndege humpa msafiri wa mara kwa mara maili, nazo hubadilishwa kuwa tiketi. Unaweza kuzitumia mwenyewe au kumkatia ndugu yako, lakini kuziuza mitaani ni kinyume cha masharti yao. Shirika likigundua, linafunga akaunti na kufuta tiketi zote zilizotoka humo, hata siku ya safari. Ndiyo maana kuiona safari kwenye simu hakukutusaidia kitu. Siku tuliyoiona ilikuwa ya kweli.

Muuzaji hakupatikana tena. Mama alikaa juu ya begi lake pale uwanjani. Hakulia. Aliuliza neno moja tu: "Sasa nyumbani tutasema nini?"

Dada zetu, swali lile limetuumiza kuliko fedha. Mwanamke wa miaka 68 amekosa kuiona Al-Kaaba, na kinachomtisha ni aibu, kwa sababu sisi tulishamtangaza kabla hajaondoka. Muuzaji ni mwizi, hilo halina mjadala. Lakini mwizi alikuta mlango wazi, na mlango tuliufungua sisi. Kama kweli tulikuwa tunatafuta nafuu ya magoti, tungeuliza kiti cha kando ya njia, tungeuliza kiti cha magurudumu, tungeuliza bei ya kumlaza kwa upande mmoja wa safari. Hatukuuliza hata moja. Tulikuwa tumeshatunga maneno ya kuweka chini ya picha. Tulitaka wateja waseme, wale kina dada wa Munanila sasa wamefika. Magoti ya mama yalikuwa kisingizio chetu.

Sasa tuliseme na hilo jina, maana kwenye jina ndipo uongo unapoanza.

Sisi wa Kigoma neno daraja la kwanza tulilijulia kwenye treni. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na bibi zetu walijua tofauti bila kufundishwa: daraja la kwanza ni chumba cha vitanda 2, la pili ni vitanda 6, la tatu unakaa kitako hadi asubuhi. Maana yake ilikuwa mahali pa kulaza mgongo. Anayeumwa na mwenye mimba walitafutiwa humo, na hakuna aliyepiga picha.

Kwenye ndege, mashirika mengi yameshaliondoa daraja la kwanza. Air Tanzania hawana. Wana daraja la biashara: viti 6 kwenye Q400, ile ya pangaboi inayofika Kigoma, viti 12 kwenye Airbus A220-300, na viti 22 kwenye Boeing 787-8 inayobeba watu 262. Ethiopian hawana daraja la kwanza, Kenya Airways hawana. Emirates ni miongoni mwa wachache waliobaki nalo. Na ile picha ya msafiri anayeoga angani, mnayotumiwa pamoja na tangazo, ni ya ndege kubwa ya Emirates ya ghorofa mbili, A380, ambayo haina safari za kawaida za Dar wala Zanzibar. Basi mtu akikuuzia daraja la kwanza la Ethiopian kwenda Jeddah, ameshakudanganya kabla hujamtumia hata shilingi. Sisi tulidanganywa hivyo hivyo, kwa jina la kiti kisichokuwepo kwenye ndege ile.

Tunajua pia kuna wanaongoja kutuambia: ndiyo malipo ya israfu hayo, mwanamke wa dini ahitaji nini kiti cha mbele? Na hao hatukubaliani nao. Sura ya Furqan inasifu njia ya katikati, baina ya kufuja na kubana. Kubana nako kumo humo, jamani. Mama aliyekubeba tumboni na mgongoni, leo goti halikunji, ukiwa na uwezo wa halali wa kumlaza saa tano angani ukamkalisha kwenye kiti cha kubana ili usionekane mfujaji, hiyo nayo ni hesabu mbaya. Na mwanamke anayetoka Guangzhou na mzigo wa biashara, amelala siku mbili kwenye viti vya uwanja, hana dhambi akitaka kunyoosha miguu. Raha si haramu. Raha ya mkopo, raha ya wizi na raha ya kuonyesha watu ndizo tunazozikataa.

Tumekaa tukauliza, tukasoma masharti, tukapiga simu. Milango halali ya kupata kiti cha mbele kwa bei ya kuvumilika ipo, na hakuna hata mmoja unaohitaji inboksi ya mtu.

Mlango wa kwanza ni kuomba kupandishwa daraja kwa kutaja bei yako. Unanunua tiketi ya kawaida, kisha mashirika kadhaa, Ethiopian na Kenya Airways wakiwemo, huruhusu utaje kiasi unachoweza kuongeza ili upate kiti cha biashara kama kitabaki. Wakikubali wanakata fedha, wakikataa hulipi kitu na unakaa kwenye kiti chako. Weka kiasi ulichonacho, usiweke unachotamani.

Mlango wa pili ni kaunta yenyewe. Viti vya mbele vikibaki tupu, mara nyingine siku ya safari huuzwa kwa nyongeza iliyo chini sana ya bei ya mwanzo. Si ahadi, ni bahati. Uliza kwa adabu, ukiambiwa hapana, shukuru.

Mlango wa tatu ni kulipia upande mmoja. Hakuna sheria inayosema uende mbele na urudi mbele. Mama anakwenda na nguvu zake, anarudi amechoka kwa tawafu na saayi. Basi mlipie wa kurudi, hasa kama ni ndege ya usiku. Tofauti ya bei ni kubwa.

Mlango wa nne ni maili zako mwenyewe. Kujiandikisha ni bure: ShebaMiles kwa Ethiopian, Skywards kwa Emirates. Mnaosafiri kwenda Dubai kuchukua mabaibui mara tatu kwa mwaka na hamjajiandikisha, mnaacha mali yenu mezani. Skywards wanaruhusu hata familia kuunganisha maili zao kwenye kapu moja. Ila zina mwisho wa muda, za Skywards ni miaka 3, kwa hiyo msizilimbikize kama dhahabu.

Mlango wa tano ni mizigo, na huu ni wetu wafanyabiashara. Kwa mashirika mengi begi la daraja la kawaida halizidi kilo 23, la biashara ni hadi kilo 32. Ukiwa na mabegi mawili, hiyo ni tofauti ya kilo 18 za vitambaa. Kabla hujasema kiti cha mbele ni ghali, piga hesabu ya mzigo wa ziada ungelipia kiasi gani. Mara nyingine nyongeza ya kiti hujilipa nusu. Mara nyingine haijilipi hata robo, basi kaa nyuma na usinune.

Mlango wa sita haugharimu kitu, na ndio tulioukosa: kiti cha magurudumu. Mwenye shida ya kutembea huombewa msaada huo wakati wa kukata tiketi, bila malipo, kutoka kaunta hadi mlango wa ndege, na kule anakoshukia vilevile. Omba na kiti cha kando ya njia, anyooshe goti na afike msalani bila kuruka watu. Kwa mama zetu wengi, nafuu waliyoihitaji ni hiyo tu.

Na kuna masharti tuliyojiwekea sisi, ambayo tunawaomba nanyi myachukue.

Tiketi inanunuliwa kwa shirika lenyewe au kwa wakala mwenye ofisi, mwenye risiti, ambaye kesho ukirudi utamkuta. Bei ikiwa nusu ya bei ya kila mtu, muulize nusu nyingine imelipwa na nani. Wahenga walishasema rahisi ni ghali.

Fedha ya kikoba haigusi kiti. Kikoba ni ada, ni dawa, ni mtaji. Mwenzako hakununua hisa ili wewe uegemee.

Kiti cha mbele anapewa kwanza mwenye mwili unaokihitaji. Mzima mwenye miaka thelathini na ushei kama sisi anaweza kukaa kiti cha nyuma kabisa karibu na msala na akafika saa ile ile.

Na hakuna picha kabla ya kufika. Mtu akienda Umra, tumuombee dua kimya kimya. Akirudi salama, tutamuona.

Mtuwie radhi kama tumekuwa wakali. Tumewaandikia nyinyi wa visiwani kwa sababu kwenu ndiko mitindo yetu inakotoka. Baibui likishonwa vipya Unguja, baada ya mwezi tunaulizwa mshono huo huku milimani. Na tangazo nalo husafiri hivyo hivyo. Likianzia kwenye simu ya dada anayeaminika, linamfikia mjane wa Munanila likiwa limevaa heshima ya kila aliyelipitisha. Kwa hiyo tunawaomba jambo moja tu leo: likija, lisiendelee. Muulize aliyelituma kama yeye mwenyewe ameshapanda kwa tiketi hiyo. Akikosa jibu, lifute, na umwambie kwa nini.

Sisi bado tunalipa. Mgao wa Desemba ule ulikuwa mdogo, na watoto wawili walichelewa kuanza muhula. Fedha ile tunairudisha kidogo kidogo, kila gauni la arusi linachangia shilingi elfu mbili. Kapu la safari ya mama tumeliweka mbali na kikoba, lina daftari lake na ufunguo wake. Tiketi tutakayokata ni ya kawaida, kiti cha kando ya njia, na kiti cha magurudumu tumeshauliza. Kwa kurudi tutataja kiasi chetu, wakikubali alhamdulillahi, wasipokubali alhamdulillahi.

Mama tumemwambia yote hayo. Amesikiliza, akauliza kama safari hii majirani wameambiwa. Tukamwambia hapana. Akasema basi tumtafutie viatu vya kamba laini, vya kutembelea.

Wabillahi tawfiq.